Mwalimu wa Samaki wa Masika

Anayejigamba kwamba hajawahi kumwogopa mwanamke, huyo hakupata kumwomba ndoo ya maji mwalimu wetu wa baiolojia mwezi wa Oktoba pale Tabora. Mimi nilimwomba. Nilikuwa mwalimu wa kilimo katika shule hiyohiyo, nina bustani ya kabichi inayoninyaukia mbele ya macho, na yeye alikuwa na mapipa ya maji ya mvua aliyoyafunika kwa mbao na kuyawekea mawe juu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Kabichi, mwalimu, zikikosekana kwako zitapatikana sokoni. Hawa wangu nikawatafute wapi?" Akaingia ndani akafunga mlango.

Hawa wake walikuwa samaki. Wala wasikudanganye ukadhani ni perege au kambale wa kutia mchuzi. Mkubwa wao hakuzidi kidole changu cha mwisho. Walitoka kwenye dimbwi moja la mbugani, kando ya njia ya zamani iliyopitwa na misafara ya kwenda Ujiji, dimbwi ambalo lilijaa wakati wa masika na kukauka kabisa wakati wa kiangazi, mpaka ardhi ikapasuka na ng'ombe wakapita juu yake. Dimbwi likikauka samaki wote walikufa, mkubwa kwa mdogo. Yalibaki mayai tu, yamefukiwa kwenye tope lililogeuka udongo mgumu, yakingoja. Mvua ikirudi, yalianguliwa. Mimi niliposikia habari hii mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia kwamba huko kwetu Uzaramo samaki wana akili, huishi kwenye maji. Hakucheka. Alinishika mkono wa shati, akanipeleka maabara, akaniinamisha kwenye darubini. Niliona yai moja, na ndani ya yai jicho, na nyuma ya jicho kitu chekundu kinadunda. Nilinyanyua kichwa nikamtazama. "Tazama tena," akasema.

Hilo ndilo neno lake kuu. Wanafunzi walimwita Mama wa Samaki alipokuwa hasikii, na Mwalimu alipokuwa anasikia, na wote walijua kumwigiza akisema "tazama tena" huku ameshusha miwani puani. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kwa haraka na kuongea polepole. Nguo zake zilikuwa safi siku zote ila kifuani, ambako palikuwa na madoa ya maji ya tope hata siku ya Jumapili. Aliimba kanisani sauti ya pili, na nasikia aliimba vizuri, ingawa mimi Mwislamu sikupata kumsikia ila akiwa peke yake maabara, akidhani mlango umefungwa.

Lazima niseme kidogo habari ya utani, maana bila utani hamtaelewa lolote nitakaloeleza. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi za wapagazi. Babu zao walibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, babu zetu wakawapokea, na sijui nani alimtukana mwenzake kwanza, ila mpaka leo matusi hayajaisha wala hayakasirishi. Siku niliyoshuka treni Tabora, mchukuzi wa mizigo aliniuliza kabila, nikamwambia, akaniondolea kofia kichwani akaivaa, na ikanibidi nimwombe na kumbembeleza mbele ya watu wote wa stesheni. Nilifurahi sana. Nikajua nimefika nyumbani.

Lakini mwalimu wa baiolojia hakutaka utani. Nilimchokoza kila njia. Nilimwita mpagazi, nikamuuliza mzigo wake ameuacha wapi. Nilimwambia samaki wake ni dagaa waliokosa chumvi. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Utani una mahali pake, mwalimu. Na hapa ni kazini." Basi. Walimu wenzetu walicheka, nami nikabaki na utani wangu mkononi kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia asipokewe.

Nilivyoanza kumheshimu ni kwa kumtazama akikusanya mayai. Dirisha la ofisi yangu lilitazamana na la maabara, na kila asubuhi, baada ya wanafunzi kutoka mstarini, alikuwa pale. Matangi yake ya kioo yalitengenezwa na fundi mmoja mzee wa mjini aliyezoea kutia picha fremu, na yalivuja, na wawili hao waligombana miaka yote kwa heshima kubwa, shikamoo kwanza, marahaba, halafu ugomvi. Ndani ya kila tangi, chini, aliweka sahani ya bati yenye mchanga laini uliochemshwa. Dume alimsogelea jike ubavuni, akamsukuma taratibu mpaka wote wawili wakaugusa mchanga, wakatetemeka kidogo, na yai likabaki pale. Yai moja. Halafu wakasogea mbele wakaanza upya.

Asubuhi aliinua sahani bila kutibua maji, akaumimina mchanga kwenye chujio la chai. Kilichobaki alikitia katika bakuli jeupe lenye maji, akalizungusha kwa mkono, polepole, mpaka mayai yakajikusanya katikati. Kisha aliyafyonza mojamoja kwa kile kibomba cha mpira cha dawa ya macho. Yai zima lilikuwa angavu na gumu. Ukiligusa kwa ncha ya kidole lilikuteleza. Lililokufa lilikuwa jeupe na laini, na hilo alilitoa upesi lisiwaozeshe wenzake. Mazima aliyalaza katika udongo mweusi wa mbuga, ndani ya makopo ya maziwa ya unga, na udongo huo ulitakiwa uwe na unyevu maalumu. Niliwahi kumuuliza unyevu gani. Alifikiri, akasema, "Wa tumbaku iliyo tayari kufungwa." Kwa mtu wa Tabora hayo yalikuwa maelezo kamili. Mimi ilibidi niende kushika tumbaku kwanza.

Makopo yalikaa stoo kiangazi chote. Humo ndani hamkuwa na kitu cha kuona, ni udongo tu, na yeye alikuwa akienda kuyafungua, anausikiliza udongo kwa vidole, anafunga. Mvua za kwanza zikinyesha aliumwagia maji, na kesho yake darasa zima lilisimama kimya kuzunguka beseni.

Sifa ninazompa zisikufanye udhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa maji, nimeshasema. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa mtu aliyesema kitu asichokiona. Binti mmoja, hodari kuliko wote wa kidato cha tatu, alichora moyo wa samaki vizuri sana, na mishipa yote, akapata sifuri. Akaja kwangu analia. Nikaenda kumtetea. Mwalimu akanionyesha daftari. "Umechora vizuri, nimekubali," akasema, kana kwamba mchoraji ni mimi. "Lakini huu ni moyo wa kitabuni. Darubini yetu haionyeshi mishipa hii hata umulike jua zima. Mtoto kaniambia ameona, na hakuona." Nikasema labda alitaka kukufurahisha tu. Akasema, "Ndiyo ubaya wenyewe."

Tena alipenda kula samaki kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye mezani. Treni ya Kigoma ikileta migebuka, alikuwa wa kwanza sokoni, na alimla mgebuka mpaka kichwa, akafyonza na mifupa. Nilimwambia huoni haya, mchana unawatunza watoto usiku unawatafuna wazazi? Akafuta vidole akajibu kwamba hawa anawala, wale anawasomesha, na hajaona mgongano wowote. Siku hiyo nilidhani utani umeanza. Haukuanza, alikuwa anasema kweli tupu.

Kisa cha bwana afya kilijulikana mji mzima. Samaki wale walikula viluwiluwi vya mbu, hawakutaka kingine, na Mwalimu alifuga mbu katika pipa lililokatwa, nyuma ya maabara, ili awe na chakula cha uhakika. Bwana afya naye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba mtaa wote wa Ipuli akimwaga vyungu vya watu na kuwatisha kwa faini. Akaingia shuleni, akaona pipa zima linachezacheza kwa viluwiluwi. Alipiga kelele nikasikia kutoka bustanini. "Mwalimu mzima! Mwalimu wa sayansi! Unatuulia watu!" Mwalimu hakubisha. Alimwomba achote mwenyewe kikombe kimoja cha maji ya pipa, wakaenda ndani, akamwambia amimine kwenye tangi na asubiri. Bwana afya akamimina. Hakukuwa na haja ya kusubiri sana. Alitoka pale ameshika kichwa, akaomba apewe samaki wa kutia kwenye visima vya wilaya, naye Mwalimu akamweleza kwa masikitiko kwamba wangekufa kabla ya kiangazi kijacho kwa kuwa ndivyo walivyoumbwa. Pipa lilibaki, ila lilifunikwa chandarua kuanzia siku hiyo, na bwana afya alipita kila mara kukagua chandarua na kuwatazama samaki wakila.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa katika kujitegemea. Kila shule iwe na mradi, kila mradi uzae kitu cha kuliwa au kuuzwa. Mimi na kabichi na kuku wangu tulikuwa mashujaa, tunapigiwa makofi kwenye mikutano. Mwalimu na samaki wake walikuwa swali. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule alisimama akauliza, "Hawa samaki wasiolika wanamjenga nani?" Ukumbi ukacheka. Mwalimu akasimama akajibu kwamba wanawajenga wasichana wenu, kwa maana siku wakizaa watajua kinachoendelea tumboni mwao kabla mkunga hajafika. Akakaa. Mjumbe yule alikuwa na mabinti, hakuuliza tena.

Asije mtu akasema alikuwa mpinzani wa vijiji vya ujamaa. Siku za kazi za kujitolea alifika kabla yetu sote, jembe begani, na ndiyo maana jambo lililofuata liliniuma kwa niaba yake. Kijiji kipya kilianzishwa ng'ambo ya mbuga, shamba la ushirika likapimwa, na katikati ya shamba lile lilikuwemo dimbwi lake. Trekta likapita kiangazi hicho. Walilima, wakachimba mtaro wa kuondoa maji, na dimbwi likawa shamba la mahindi. Sisi walimu tulipelekwa na wanafunzi kusaidia kuvunja mabonge, naye alikuwepo. Nilimwona amesimama mahali ambapo mimi na yeye tulijua ni wapi. Kisha akainua jembe, akalima pale pale, na siku hiyo alilima kuliko sisi wote. Jioni nilimwuliza hukusema neno? "Niseme nini? Watu wale nini?" Akanawa mikono. "Mayai ninayo."

Aliyokuwa nayo ndiyo hayo tu. Samaki wakubwa wa matangi walikuwa wameshazeeka na kufa, kama wanavyokufa kila mwaka wakati huo. Dimbwi halipo. Tangu siku ile samaki wa mbuga ile walikuwa ndani ya makopo ya maziwa stooni, katika udongo mweusi, na kama makopo yale yangepatwa na jambo, hapakuwa na mahali pengine pa kuanzia. Nilijua hivyo, alijua hivyo, na wanafunzi wa kidato cha tatu walijua. Bahati mbaya wa kidato cha kwanza hawakujua.

Tulipata habari kwamba mgeni rasmi anakuja, mkubwa kutoka makao makuu. Mnajua shule ikisikia mgeni rasmi inavyokuwa. Mawe yakapakwa chokaa, hata mti ukapakwa chokaa. Mkuu wetu wa shule, mtu mwema lakini mwenye woga wa vyeo, hakulala usingizi. Ratiba ilisema mgeni atapanda mti wa kumbukumbu karibu na mlingoti wa bendera, kwa hiyo mimi nikaagizwa nichimbe shimo na kuandaa mche wa mwarobaini. Mche nilikuwa nao, umekaa kwenye kikopo chenye kutu. Mkuu akasema hapana, utiwe kwenye chungu kizuri, mgeni aubebe mkononi apigwe picha. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza, watoto wasikivu kabisa, wakapewa kazi hiyo pamoja na kusafisha stoo.

Udongo wa shuleni kwetu ni mchanga mwekundu, unakudondoka mkononi. Watoto wale wakakuta stooni makopo yaliyojaa udongo mweusi mzuri, umelala bure. Wakaumimina wote kwenye chungu. Wakapanda mche. Wakaumwagia maji ya kutosha, kama nilivyowafundisha mimi mwenyewe darasani. Halafu wakayaosha makopo kwa majivu mpaka yakang'aa, wakayapanga rafuni, midomo chini.

Asubuhi yake mgeni ameshafika, hotuba zinaendelea, ndipo Mwalimu alipoingia stoo kuchukua kitambaa. Nilikuwa nimesimama karibu na shimo langu na koleo. Nilimwona anakuja, na ule uso sikuwa nimewahi kuuona. Hakunieleza. Aliuliza tu, "Yule mgeni ni kabila gani?"

"Mzaramo. Wa kwetu kabisa."

"Una hakika?"

"Namjua mpaka mjomba wake. Kuna nini?"

"Wameupandia mti udongo wangu," akasema. Nikatazama meza kuu, nikauona mwarobaini umesimama kwenye chungu mbele ya mkubwa. Nilijua ratiba. Mgeni anainuka, anakuja shimoni, chungu kinageuzwa, udongo unaingia shimoni, unakanyagwa, unamwagiwa ndoo ya maji, unazama. Nani angethubutu kumsimamisha mkubwa wa serikali kwa sababu ya tope? Mkuu wa shule asingeelewa hata kwa kuandikiwa. Na mgeni alikuwa ameshainuka, ameshika chungu kwa mikono miwili, mpiga picha mbele yake.

Mwalimu alifungua kanga mabegani, akaifunga kiunoni, akaingia katikati ya uwanja.

"Wewe Mzaramo!" Sauti ile ilifika jikoni. "Simama hapo hapo na mzigo wangu!"

Mkuu wa shule akafungua mdomo ukabaki wazi. Mgeni akasimama, akamtazama mama huyu mwembamba mwenye miwani anayemjia mbio.

"Babu zako walikaa pwani wanakula nazi, babu zangu wakawabebea kila kitu mabegani mpaka mlangoni! Hata maji ya kunywa hamkuwapa! Leo mjukuu wenu kajileta mwenyewe Unyamwezi, tena ameshika chungu cha watu, anatabasamu! Hapa hupiti!"

Mgeni alichukua muda kidogo kuelewa. Kisha uso wake wote ukabadilika, na nikaona mtu wa nyumbani kwetu anatoka ndani ya suti.

"Mnyamwezi!" akapiga kelele naye. "Mizigo si ndiyo kazi yenu? Mkiacha kubeba mtakula nini?"

"Tutakula Wazaramo! Lete hapa!"

"Wataka chungu?"

"Chungu hata sikitaki, kimepasuka kama masikio yako. Mti ni wako, udongo ni wangu!"

Alitandaza kanga chini, mbele ya viatu vya mkubwa. Akachukua chungu mikononi mwake, akakilaza, akautoa mche, akaukung'uta mizizi taratibu, na vidole vyake havikuwa na haraka hata kidogo, chembe ya mwisho ikaanguka kwenye kanga. Kisha akampa mgeni rasmi mwarobaini uchi, mizizi inaning'inia. Akakunja kanga, akaibeba kifuani.

Mgeni akageukia umati. "Mnawaona wapagazi hawa? Ukigeuka kidogo wamebeba hata udongo!" Watu wakavunjika mbavu. Wasichana walipiga vigelegele, walimu walishikana, na mkuu wa shule, alipoona mkubwa anacheka, naye akaanza kucheka kwa kuchelewa. Mti ukapandwa kwa udongo wetu mwekundu. Mimi nilikanyaga na kumwagia maji, machozi yananitoka, na nusu yake hayakuwa ya kicheko.

Nilimkuta maabara anamimina udongo ule kwenye beseni la maji ya mvua. Ulikuwa umelowa usiku kucha, usingeweza tena kurudi makoponi, ingebidi mayai yaanguliwe sasa au yaoze. Nikamwambia, "Kumbe unajua! Miaka yote hii!" Akasema bila kugeuka, "Nilikwambia una mahali pake."

Kesho yake asubuhi aliwaita wale wasichana wawili. Walikuja wakijua ni fimbo. Akawaambia wainame. Majini, kwenye ukingo wa beseni, kulikuwa na vinukta vyenye macho vinaruka na kutulia. Havikuwa vingi. Mayai mengi yalikuwa meupe, yamekufa. "Mtawalisha nyinyi," akawaambia, "mpaka wakue, ndipo tujue kama madume na majike wamo wote." Walikuwemo. Wasichana wale waliwalisha kwa hofu mpaka mmoja wao akakonda, ikabidi tumkataze kuja maabara mara kwa mara.

Mimi nilihamishwa kurudi pwani muda si mrefu baadaye, na tukawa tunapelekeana salamu tu kwa watu wa treni. Miaka ikapita. Nilisikia amestaafu, amejenga Itetemia, pembeni mwa mji, analima karanga. Halafu zikaja salamu za namna ya pekee: "Mwambieni Mzaramo aje. Aje masika, asije kiangazi." Nilidhani ananiwazia joto.

Nilikwenda. Ilikuwa wakati ule wa taabu, sukari na sabuni zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, nikapata vipande viwili vya sabuni na kilo ya sukari, nikavifunga vizuri. Nilimkuta amekaa barazani, anapepeta karanga kwa kusikiliza. Sikuwa nimesema neno.

"Huyo ni Mzaramo," akasema. "Anatembea kama anayeogopa kuchafua viatu. Umekuja kula?"

"Nimekuja kuchukua mzigo wangu, mpagazi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sasa hakuwa kazini. Alinitukana mimi, mama yangu, na treni iliyonileta, na nilikaa pale nikiwa na furaha kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu. Lakini niliona jinsi alivyoipokea sukari, mkono ukitafuta hewani kwanza. Macho yalikuwa yamemwishia. Jicho moja lilipasuliwa likaharibika zaidi, la pili liliona mwanga na kivuli basi.

Tulipokwisha kula akasema twende. Alishika mkono wangu wa shati, kama alivyonishika siku ile ya darubini, na tukafuata kinjia mpaka kwenye mashimo ambako vijana walifyatua matofali ya zahanati. Mashimo yalikuwa yamejaa maji ya mvua. Aliniambia kwamba aliposhindwa kuyaona mayai kwenye bakuli, aliyabeba makopo yote na kuyamwaga hapa, kwa sababu mashimo haya hujaa masika na hukauka kiangazi, na hakuna samaki wakubwa wa kuwala. Akatafuta jiwe kwa fimbo, akakaa.

"Haya. Tazama uniambie."

Nilichuchumaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilitazama mpaka magoti yakauma. Palikuwa na majani yanaelea, na mdudu anatembea juu ya maji, basi. Nilimtazama yule mama amekaa wima, kichwa ameelekeza kwangu, mikono juu ya fimbo, na nilitamani sana kusema nimewaona. Ingenigharimu nini? Neno lilikuwa mdomoni tayari.

"Sioni kitu, Mwalimu," nikasema.

"Hakuna?"

"Sioni. Ni maji na majani."

Hakusimama. Nami sikuwa na moyo wa kusimama. Jua lilitoka kidogo nyuma ya wingu, likapenya maji pembeni, na kwenye ukingo ule kitu kikasogea, kikasimama, kikasogea tena.

"Ngoja," nikasema. "Yupo mmoja."

"Usinipoze, Mzaramo."

"Sikupozi. Ni dume. Mkia mwekundu, ukingoni una mstari wa buluu. Anazungukazunguka hapo kwenye nyasi. Kuna mwingine wa rangi ya udongo, hana urembo."

"Huyo jike," akasema kwa haraka. "Dume anafanya nini?"

"Anamsukuma. Wanashuka chini. Sasa siwaoni, maji yametibuka."

Alishika bega langu, na vidole vyake vilikuwa na nguvu bado.

"Tangu nimwage ule udongo sijapata kujua kama walitoka. Kila masika nakuja hapa na wajukuu, nawauliza, wananiambia wapo, bibi, wapo wengi, wazuri. Mwaka jana wakaniambia hivyohivyo kiangazi, na mimi nimesimama juu ya ardhi iliyopasuka." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wananipenda, ndiyo maana. Kwa hiyo nikakuita wewe. Ulivyoniambia huoni kitu, nikajua leo nitaambiwa kweli."